Kiberiti haipimi mazuku

SWALI: Muzee, jambo sana. Tuko vijana wanne wa Keshero, hapa Goma, kila siku ya yenga tunaamkaka saa kumi na moja ya asubui tunakimbia kuelekea Lac Vert. Mbele ya kurudi tunashukaka mu kabonde fulani kando ya njia, iko sawa, iko na majani mazuri, tunafanya pompe, ile ya kulala chini na kujisukuma na mikono, na kunyoosha miguu. Yenga iliyopita mwenzetu mumoja akiwa chini ku pompe kichwa ikaanza kumuzunguka, moyo inapiga mbio, akasimama akaanguka tena. Tukamukokota mpaka ku barabara, kisha dakika kama kumi akawa muzima. Kochi wetu anasema ni juu hakukula, na ile bonde yeye alishaipima na kiberiti, iliwaka muzuri, kwa hiyo hakuna mazuku, ile gazi ya sumu ya udongo. Alituambia tena kila mutu abebe kitambaa na ndimu. Je, kiberiti inatosha? Na kama haitoshi, tukimbilie wapi?

JIBU: Haitoshi, mutoto yangu. Mimi sikuwa pale na hiyo bonde yenu sijaipima, lakini mutu anaanguka akiwa amelala ku majani, munamupandisha metere chache ku barabara anapona, siwezi kwenda kutafuta sababu mu tumbo yake. Njaa haiponi kwa kupanda ku barabara. Musirudi pale, hata siku moja, hata kama jua inawaka.

Sasa tuongee kiberiti, juu hiyo stori imenichosha. Miaka yote ninafanya kazi ya kupima gazi ya udongo huku kwetu ninaisikia, kwa wachunga mbuzi, kwa wale wanachimba misingi ya nyumba, na leo imefika kwa watu wa spoti. Sikiliza pole pole. Moto inaishi na oksijeni, inazima pale oksijeni inapunguka sana. Hewa ya kawaida iko na oksijeni karibu asilimia 21. Mazuku ni gazi karboniki imetoka mu nyufa za udongo ikajichanganya mu hiyo hewa. Basi fanya hesabu: tia gazi karboniki asilimia 8 mu kabonde yenu, oksijeni itashuka mpaka 19 na kidogo, ni hivyo tu. Kiberiti itawaka pale, utawasha hata sigara, kochi atafurahi. Lakini mutu je? Ku asilimia 5 kichwa inauma na pumzi inakimbia, ku 8 ni jasho, kizunguzungu, macho inaona giza, na ukikawia dakika chache unaweza kupoteza fahamu, ukipita 10 hizo dakika zinazidi kupunguka, na ukifika 30 ni kuvuta pumzi mara chache tu na imekwisha. Gazi karboniki haingojee oksijeni iishe ndipo ikuue, yenyewe ikizidi ni sumu, inaingia mu damu, damu inageuka asidi, ubongo inalala. Na mu hewa ya kila siku iko asilimia 0,04 tu, ona mwendo wenyewe kutoka 0,04 mpaka 8, na kiberiti haikuona kitu.

Kwa hiyo ikiwaka haijakuambia chochote. Na ikizima, ulishachelewa, uko umeinama na pua yako iko palepale mukono iko.

Tena ningependa kumuuliza kochi, aliishika wapi hiyo kiberiti, na saa ngapi? Ninajua jibu: ku kifua, amesimama wima, saa nne ya asubui, jua kali na upepo inatoka ziwani. Hii gazi inashinda hewa uzito mara moja na nusu, inalala chini sawa maji mu beseni. Siku moja nilikuwa na kijana wa kazi karibu na Bulengo, tukashuka mu kashimo kadogo, aparei ya kupima gazi ikiwa ku kiuno ilinyamaza kabisa, akaniangalia sawa mutu ananiambia twende zetu, nikaishusha pole pole, kufika ku goti ikaanza kulia na haikunyamaza tena. Kiuno na goti! Mbuzi anakufa pale na mwenye mbuzi amesimama anamuangalia. Na ninyi munafanya pompe, ni kusema munaenda kuweka mudomo yenu palepale mbuzi anaweka yake, na munaenda saa kumi na moja, saa mbaya kuliko zote, juu usiku mzima hakukuwa jua wala upepo ya kuitawanya, imejaa tu.

Kuna kitu kingine cha wakimbiaji ambacho sisikii watu wakiongea, na kwangu ndicho kinaogopesha zaidi. Mutu ameketi anavuta hewa kama lita 6 ao 8 kwa dakika. Mutu anakimbia kwa nguvu anaweza kupita 60, wengine wanafika 100. Maana yake ile sumu mutu mwingine angekula kwa dakika kumi wewe unaimeza kwa dakika moja. Na mubaya zaidi, dalili za kwanza za mazuku ni nini? Kuhema, moyo kupiga, jasho, kichwa nzito. Hizo zote uko nazo tayari juu umetoka kukimbia kilometa nane! Mutu anayetembea akianza kuhema bila sababu atashituka, atatoka. Wewe utasema nimechoka, utalala ku majani upumuzike, na pale ndipo unakuwa umejimaliza. Ndiyo maana sipendi kusikia «tukisikia vibaya tutatoka». Hamutasikia. Haina arufu, haina rangi, ile arufu ya mayai ya kuoza watu wanangojeaka ni ya gazi ingine.

Ndimu na kitambaa sitakawia juu yake. Gazi inapita mu kitambaa sawa vile hewa inapita, kama hewa inaweza kukufikia na yenyewe itakufikia. Maske ya hospitali ni vile vile, makala mu mudomo ni vile vile. Mutu anaweza kuingia mu mazuku akiwa na chupa ya hewa mugongoni tu, na hiyo kochi hana.

Lakini vijana, ninyi hata muko na bahati, mulikuwa wanne na mukamukokota mara moja. Stori ninazojua mimi haziishi vile. Zinaendaka hivi: mutoto anashuka kufuata mpira ao mbuzi, anaanguka, mama anakimbia kumuokota, naye anaanguka, jirani anasikia kelele anafika mbio, naye pia. Wa pili na wa tatu wanakufa juu ya upendo, na juu ya mutu fulani aliwaambia vuta pumzi uishike, utatoka. Umebeba mutu wa kilo sitini ku kilima huwezi kushika pumzi, utaivuta tu, na utaivutia palepale chini. Kama mutu ameanguka mu shimo na hamuna kamba ya kumuvuta mukiwa juu, mupige kelele, muite watu wenye vyombo, musishuke. Ninajua ni neno gumu. Akishatoka, mumupeleke fasi ya juu yenye upepo, kama hapumui mumusaidie kupumua na kumufinya kifua, kisha hospitali. Na tafadhali, ile mambo ya kumunywesha maziwa muache. Mutu hana fahamu, unamumwangia maziwa mu koo, inaingia mu mapafu, aliyekuwa anapona na hewa tu unamuzamisha na kikombe.

Halafu kuna wauza parsele. Hapa ninakasirika kweli. Huku magharibi ya muji, kuelekea Mugunga na kando ya ziwa mpaka njia ya Sake, watu wanauziwa viwanja mu mabonde juu ni bei ya chini, na komisionere, ule mutu wa kutafutia watu viwanja, anamuambia mununuzi «mazuku tulishaiziba, tulimwanga sima ya kujenga», ao mwingine analeta mutu wa maombi na chumvi, na wote wanawasha nini? Kiberiti! Ya sima acha nikueleze: gazi inatoka mbali chini, inapita mu nyufa, ukiziba hapa itatafuta njia pale pembeni, na pembeni ni chumba ya watoto, ni shimo ya choo, ni ile depo ya chini mulichimba kwa kuweka makala. Mutu analala ku mukeka chini, baba analala ku kitanda, asubui baba anaamuka peke yake. Mutu akikuonyesha kiwanja mu shimo na kiberiti mukononi, uende kwanza kuuliza watu wa OVG, Observatoire ya volkano ya Goma, pale mujini, ni kazi yao volkano na gazi, na uulize wazee wa pale pale, hao wanajua ni wapi mbuzi haifungwe.

Na musichanganye hii na ile ya ziwa, juu ninajua swali itakayofuata. Ndiyo, Kivu iko na gazi karboniki nyingi sana chini, karibu kilometa za ujazo 300, na methani inazidi 50, lakini hiyo imefinywa na uzito ya maji, imelala. Ziwa Nyos kule Kameruni iliamuka tarehe 21 mwezi wa 8 mwaka 1986 ikaua watu karibu 1.700, gazi ni ile ile. Lakini mazuku yenu ya siku ya yenga haitoki mu maji, inatoka mu udongo, na haingojee siku kubwa, iko pale kila asubui.

Bon, mukimbilie wapi. Mukimbie juu. Barabara yenyewe, ile iliyoinuka kuliko majani ya pembeni, si mbaya, shida inaanza pale munaiacha na kushuka. Mutoke kisha jua kupanda, saa moja iko muzuri, hata motari wanawaona vizuri. Kama munataka kunyoosha miguu munyooshee palepale ku barabara ao ku muteremko wazi, mumesimama, na mukiona panzi, mijusi ao ndege wamekufa fasi moja mutoke mara moja, musibaki kuuliza kwa nini, lakini musipowaona pia musiseme pako salama. Kamba za viatu mufungie nyumbani, mara mbili, musiiname njiani. Kama ni pompe munaipenda sana, mufanyie mu kiwanja ya juu ao mu parsele iliyoinuka ya mutu munajua. Mukitaka lami, mukimbie mujini kuelekea rond-point Chukudu mapema mbele ya magari kujaa, vumbi iko lakini mutarudi. Kwenye mawe ya volkano mupunguze mwendo, vifundo vya miguu nimeviona vingi vimevunjika pale, hiyo ni swali ya siku ingine.

Huyo mwenzenu, hata kama anajisikia muzima, aende kupimwa moyo yake mbele ya kukimbia tena, juu kuanguka ku spoti kunaweza kuwa na sababu mbili kwa mara moja na mimi ninajua moja tu. Na kochi mumusalimie. Kiberiti yake mumurudishie, mama yake ataihitaji ku mbabula.