Mkono wa nani?

Mtwara, Julai

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani ya baba yako. Unauliza uende Uingereza miezi mitatu, ukajifunze kwa vitendo namna ya kulifanya duka la mtandaoni litokee juu pale mtu anapotafuta bidhaa Google, au ubaki Dar uendelee kujifunzia kwenye simu. Tena unauliza, ukienda, mikorosho ya Naliendele iuzwe?

Ya mikorosho tuyaache kidogo. Mimi nataka kujua huko utashika duka la nani.

Unajua ninavyosema siku zote: mkono ndio shule. Bibi yako hakunifundisha kubangua korosho kwa maneno. Alinikalisha mbele ya karai, moshi ukaniingia machoni, mafuta ya ganda yakanibabua vidole, ndipo nikaelewa kwa nini yeye alikuwa anajipaka majivu kabla ya kuanza. Kwa hiyo uliposema mafunzo ni ya vitendo nilifurahi. Usiku nikalala, nikakumbuka stendi, furaha ikapungua.

Ulikuwa darasa la nne. Daraja la Mkapa lilikuwa limefunguliwa mwaka mmoja nyuma, 2003, abiria wa Dar wakaanza kuja bila kulala kwenye kivuko cha Rufiji. Meza yangu ilikuwa nyuma kabisa, karibu na choo, na wewe ndiye uliyekuwa ukinishikia beseni. Nilikuwa naita, "Korosho za kubangua kwa mkono!" Hakuna aliyegeuka. Nani amekuja stendi kutafuta mkono wangu? Wewe ndiwe uliyeniambia, mama, wale watu wanauliza "nyeupe zisizo na chumvi". Nikaanza kuita hivyo hivyo, na kabla ya adhuhuri beseni likawa tupu. Ile siku bado inanichekesha. Mtoto wa miaka kumi!

Ningeishia hapo ningekuwa mwanamke mwenye akili. Sikuishia. Nikawalipa wapiga debe wawili waniletee abiria, wawaambie kwamba korosho bora Mtwara nzima ziko kwa mama yule wa nyuma. Wiki ile niliuza mpaka nikaishiwa nzima. Na kwa kuwa watu walikuwa bado wanakuja, nikaanza kuweka nzima juu, vipande na zilizoungua chini. Mkono wangu ulijifunza hilo haraka sana, haraka kuliko ulivyojifunza kubangua.

Yule dada wa Dar alirudi na basi lile lile wiki iliyofuata. Hakunitukana. Alimwaga pakiti yake mezani mbele ya watu, akazichambua moja moja, nyeupe huku, nyeusi huku, halafu akapanda basi. Wewe ulikuwa unaniangalia mimi, humwangalii yeye. Wapiga debe walihamia meza nyingine jioni ile ile. Pesa yangu walikuwa wameshaila.

Sasa ulivyonisimulia lile duka la Marekani, J.C. Penney, nilinyamaza kwenye simu ukadhani mtandao umekatika. Ulisema viungo, mimi nikadhani bizari. Kumbe ni zile njia za kubofya kutoka tovuti moja kwenda nyingine, na za kwao zilipandikizwa kwa maelfu kwenye tovuti zisizohusiana nalo, mpaka gazeti likafichua mwaka 2011 na Google wakalishusha. Wenye duka walisema hawakujua. Mimi sikuwa na hata hicho cha kusema.

Basi ukifika kwa huyo mwalimu, mtazame anakushikisha nini. Anakupa duka lenye bidhaa za kweli na wanunuzi wa kweli, au duka la maonyesho? Ukikuta kiatu kimoja cha rangi saba kina kurasa saba zinazofanana, anakuachia wewe umwonyeshe Google ukurasa upi ndio mama, au anafanya yeye wewe unaandika daftarini? Na akikuahidi kwamba atakutia namba moja, ondoka. Wewe mwenyewe uliniambia Google wanasema hakuna awezaye kuahidi hilo.

Halafu kuna hesabu ambayo haikai. Ulisema kazi hii mara nyingi huchukua miezi minne mpaka mwaka kabla matunda hayajaonekana. Mafunzo ni miezi mitatu. Yaani utapanda, upalilie, urudi nyumbani kabla ya ua la kwanza? Utajuaje kama ulichofanya ndicho kilicholeta mnunuzi?

Hapo nilikuwa nimeshaamua kukuandikia ubaki. Lakini nikakumbuka tena beseni. Ulisema kiatu kile kile Mwingereza anakitafuta kwa jina la trainers na Mmarekani anasema sneakers. Hilo, sawa, liko kwenye simu. Yako mangapi hayako? Neno la "nyeupe" hukulisoma popote. Ulilisikia kwa sababu ulikuwa umesimama pale mlangoni mwa basi, miguu ina vumbi. Mtu wa kuwauzia Waingereza hana budi asimame walipo wao, akasikie wanavyoomba kitu. Mkono ndio shule, nimesema, na sikio nalo lina darasa lake. Sijui kwa nini najibishana hivi; ungekuwa hapa ungekuwa umeshacheka.

Waulize kwa maandishi: utashika duka la nani, na miezi mitatu ikiisha, unaruhusiwa kuendelea kulifuatilia ukiwa Dar mpaka matokeo yaonekane? Ukipata jibu nitumie lilivyo, usilifupishe. Neno langu ninalo, liko mdomoni kabisa, na baba yako amenikataza kulisema kabla ya jibu hilo.

Mjomba wako alikuja juzi kuulizia bei ya mikorosho. Nimemwambia hatujamaliza kupulizia salfa, arudi Septemba.

Mama yako