Barua kwa mwanangu: hospitali imeuzwa, wakfu umebaki

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Umeniuliza kwa nini Osteopathic Heritage Foundations, taasisi za wakfu za hapo Columbus, Ohio, zenye jina la tiba ya mifupa, zinagharimia afya ya jamii, na zimepata wapi fedha zote hizo ilhali huoni tajiri nyuma yake. Kwa kuwa chama chenu kinataka kuomba ruzuku, ni heri ujue chimbuko kabla hujagusa fomu.

Neno mifupa liondoe, ndilo linalopotosha. Andrew Taylor Still alipoteza watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1864, na dawa za zama zile hazikumfaa kitu. Mwaka 1874 akatangaza osteopathi: mwili ukinyooshwa na damu ikapita vizuri, hujiponya wenyewe. Chuo chake kilifunguliwa Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Mengi aliyodai hayakusimama mbele ya ushahidi, lakini waliomfuata waliongeza dawa, upasuaji na maabara, na leo daktari wa osteopathi wa Marekani (D.O.) ana leseni kamili kama daktari wa kawaida (M.D.). Nje ya Marekani jina hilohilo mara nyingi ni la mtaalamu wa kunyoosha viungo, si daktari. Usije ukayachanganya kwenye maombi yenu.

Fedha zilianzia kwenye ubaguzi. Hospitali nyingi za M.D. ziliwafungia D.O. milango, na jeshi halikuwapokea kama madaktari mpaka 1966. Daktari asiye na pa kulaza mgonjwa kazi yake ni nusu, basi wakajenga zao. Doctors Hospital ya Columbus ilianza 1940. Haikuwa na wanahisa. Ada za wagonjwa, michango na msamaha wa kodi vilirundikana ndani ya majengo na vitanda kwa karibu miaka sitini. Kisha milango ya wengine ikafunguka, bima zikaanza kubana bei, na hospitali ndogo inayosimama peke yake ikawa mzigo. Mwaka 1998 ikauzwa kwa OhioHealth, mtandao wa hospitali, na bei yake ndiyo iliyoanzisha wakfu unaouulizia.

Bei ile ni ya nani? Huku Pwani swali hili si geni. Shamba la wakfu likipitiwa na barabara, fidia yake haiwi ya msimamizi. Hununuliwa shamba jingine kwa nia ileile. Mashehe wa Kishafii huubana sana mlango wa kuuza wakfu. Sheria ya Marekani imeuacha wazi zaidi, ila imemweka bawabu: mwanasheria mkuu wa jimbo.

Mauzo ya namna hii huenda hivi. Mthamini asiye na upande hukadiria hospitali. Madeni hulipwa kwanza, na hapo mara nyingi pensheni za wafanyakazi ndizo hula donge kubwa. Sehemu ya bei huzuiliwa kwa muda, asije mgonjwa wa zamani na kesi. Michango yenye masharti, tuseme ya kusomesha wauguzi, hutengwa, maana huwezi kuimwaga katika mfuko wa jumla. Kinachobaki ndicho mtaji wa wakfu mpya.

Panapoharibika ni pawili. Hospitali inakadiriwa chini kwa sababu wakurugenzi wameahidiwa vyeo na mnunuzi. Au bodi ya zamani inahamia kwenye wakfu nzima nzima na kuendelea kumpelekea mnunuzi ruzuku, hata ikawa amerudishiwa bei yake. La pili ni gumu kulikamata kwa kuwa kila ruzuku, ukiitazama peke yake, ni halali.

Hospitali ikishaondoka, nia inabaki na vichwa viwili: kufundisha ma-D.O., na afya ya watu waliokuwa wakitibiwa pale. Ndiyo maana mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Ohio kilipewa dola milioni 105 kwa chuo chake cha osteopathi, na tawi la Dublin likafunguliwa 2014. Ndiyo maana pia Nelsonville, ambako Doctors Hospital ilikuwa na hospitali nyingine, ina wakfu wake kwa ajili ya kusini mashariki mwa Ohio. Angalieni ramani kwanza: mradi mzuri nje ya eneo lao hautasomwa.

Sasa hesabu. Wakfu ulioandikishwa kuwa binafsi hulazimika kutoa kila mwaka takriban 5% ya thamani ya vitega uchumi vyake. Mtaji wa dola milioni 200 hutoa milioni 10, na sehemu ya hizo ni gharama za ofisi. Ukipunguza, kiasi kilichopelea hutozwa kodi ya 30%. Nyingi ya milioni hizo 10 huwa zimeshaahidiwa kwa miradi ya miaka mitatu au minne, kwa hiyo usione milioni 200 ukadhani ziko mezani.

Kabla ya kuandika neno lolote, tafuta marejesho yao ya kodi: Fomu 990-PF ikiwa wakfu ni binafsi, 990 ikiwa ni wa umma. Yako wazi kwa kila mtu. Soma orodha ya waliopewa na kiasi, miaka mitatu nyuma, uone kama chama cha ukubwa wenu kimo. Kama hakimo, ombeni chini ya kliniki ambayo tayari imo, ninyi mkiwa wabia wenye fungu lenu katika bajeti. Fungu hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya maombi kwenda.

Bajeti nitumie niipitie, pamoja na barua ya wakala wa kodi inayothibitisha msamaha wenu. Bila hiyo hawatawafungulia.

Mama yako