Usimnyooshee Bibi Ukili Wake

Kila kundi jipya la wasaidizi linakuja na ari, na kila kundi linarudia makosa yale yale mezani pa kazi za mikono kwa wazee wenye dimenshia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Haya, tuandike tena.

1. Kipindi ni saa nne asubuhi, dakika 45. Jua likianza kushuka wengi huhangaika na kutaka kurudi nyumbani, hata waliopo nyumbani. Wazee sita hadi wanane, wasaidizi wawili. Kumi na watano ni mkutano wa hadhara.

2. Mjie kwa mbele, chutama macho yalingane, "Shikamoo Bibi", kisha nyamaza. Hesabu hadi kumi. Aliyepoteza majina ya wanawe mara nyingi bado ana marahaba yake. "Unanikumbuka?" ni mtihani, na hakuna aliyekuja kufanya mtihani. Taja jina lako, kila siku, bila kununa.

3. Ukili, utepe wa kusukwa unaoshonwa kuwa mkeka. Chane, vipande vyembamba vya ukindu wa kusukia, zinyunyiziwe maji na zifunikwe kwa kitambaa kibichi tangu usiku. Zikiwa kavu hukatika, na mzee hudhani kosa ni lake. Msukie kianzio cha shubiri moja, kwa sababu kuanza kunahitaji kupanga, lakini kuendelea ni kazi ya vidole. Alzheimer, aina moja ya dimenshia, huiwahi hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo ya jana. Mazoea ya mikono hukaa kwingine na hudumu zaidi. Kwa hiyo acheni hotuba. Muwekee ukili mapajani, kaa kando yake, suka wako.

Sasa lile kosa. Bibi ameenda msalani. Ukili wake umepinda, chane mbili zimeruka, na maonyesho ni Ijumaa. Mkono unawasha. Unafumua vidole vinne hivi, unasuka upya, unanyoosha. Tumelifanya sote, tena kwa fahari. Anarudi, anaushika, anapapasa pale alipoishia, hapaoni. Maneno ya kusema "huu si wangu" hayaji, basi anausukuma, anakunja na kukunjua upindo wa kanga, anainuka aende zake. Na sisi, watu wazima na akili zetu, tunaandika daftarini: "Leo hakutaka kushiriki." Anayefuata kulisoma anaamini hali yake imeshuka. Wiki inayofuata anapewa vifungo vya kupanga, kama mtoto. Mikono ilikuwa mizima. Aliyeharibu ni mnyooshaji.

Dawa yake ni kibanio cha nguo: bana pale alipoishia, basi. Chane iliyoruka ibaki imeruka, mkeka ushonwe na kasoro yake. Mgeni asiyependa kasoro, madukani iko mikeka ya plastiki.

Vidole vikishindwa kweli, achague chane za rangi juu ya sinia jeupe. Zambarau na nyeusi msiziweke pamoja; kwa mwenye mtoto wa jicho ni rangi moja.

4. Siku ya kuchora, maji ya brashi yasikae kwenye glasi wala kikombe. Yatanywewa. Gundi nyeupe kwenye kisahani nayo ni maziwa.

5. Wimbo uanze kwa sauti ya chini na polepole, bila spika. Uwe wa ujana wake: aliyezaliwa 1945 alikuwa kijana miaka ya 1960, msimwimbie za chekechea.

6. Shazia, sindano za kushonea mikeka, zikitoka tano, zirudi tano. Zihesabiwe kabla ya chai, si baada.