Hamu ya sigara isubiri ipite, usiipe moja

Tangu Idi ipite, meseji za sigara zimezidi zile za presha na kisukari. Nyingi zimetoka kwa watu walioacha mwezi mzima, au walioamini wameacha, na sasa arosto, yale mateso ya kukosa sigara, imewarudia kwa nguvu. Nimechagua hizi. Waliouliza kama sigara ina madhara kweli sitawajibu wiki hii. Nafasi ni ndogo, na kuna watu wanahangaika.

Nina siku tatu sijavuta. Hamu ikinijia nahisi kichwa kinapasuka na mikono inatetemeka. Naomba unitajie dawa ya kuiondoa kabisa. Fundi magari, Mwanza.

Dawa ya kuiondoa kabisa haipo, na yeyote anayekuuzia unga au mafuta kwa jina hilo anakula pesa yako. Zipo dawa za kuipunguza makali, nitazitaja chini. Ila kwanza ujue unapambana na kitu gani.

Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Uko kileleni. Kuanzia hapo mwili unashuka, na kwa watu wengi makali yanaisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Na hamu yenyewe, ile inayokushika koo, haikai. Chukua saa uipime leo: inapanda, inafika juu, inashuka. Mara nyingi ni dakika tatu hadi tano, ikizidi sana kumi. Mwanasaikolojia Alan Marlatt, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, aliwafundisha waraibu kuitazama hamu kama wimbi, waipande mpaka ivunjike yenyewe. Wewe uko Mwanza, umewaona wavuvi. Ziwa likichafuka, mvuvi hasimami akapigana na wimbi. Anauelekeza mtumbwi na kulipanda, na wimbi linapita chini yake.

Sasa zile dakika tano uzifanye hivi. Ondoka pale ulipo. Kama mwenzako anawasha, usibaki kunusa ukijipima ubavu. Tembea kwa haraka, hata kuzunguka gereji mara tatu, kwa sababu kutembea kwa kasi kunaishusha hamu kweli, hilo limepimwa. Kunywa maji, funda moja moja. Mdomo upe kazi: karafuu, kipande cha tangawizi mbichi, muwa, mswaki wa mti. Mkono nao umezoea kushika kitu, upe spana. Vuta pumzi polepole kwa pua, uitoe kwa mdomo, mara kumi. Na usiamue lolote ndani ya dakika hizo. Kile kinachokuambia "nitaacha vizuri zaidi mwezi ujao" ni arosto inayosema kwa sauti yako.

Kutetemeka, hasira, kukosa usingizi, njaa, kushindwa kutulia: yote hayo ni ya kawaida, na arosto ya sigara haiui. Lakini mtu akianza kuwaza kujidhuru, hiyo si hamu ya kusubiri. Aende hospitali siku hiyohiyo, asiende peke yake.

Naota navuta sigara, naamka najiona mkosaji. Nimerudi nyuma?

Hapana. Ni ndoto, na wengi walioacha huiota.

Ramadhani nzima nilikaa kutwa bila sigara wala shida kubwa. Idi mosi nikavuta, na sasa siwezi hata saa mbili. Kwa nini mchana wa funga niliweza? Na nifanyeje kijiweni, maana kahawa bila sigara hainogi. Tanga.

Swali lako limejibu watu hamsini, ndiyo maana nalipa nafasi.

Ulikaa kutwa kwa sababu uamuzi ulishafanywa kabla hujaamka. Ulinuia usiku. Mchana hukuwa na mjadala na nafsi yako kama uvute au usivute, na hakuna aliyekukaribisha, kwa kuwa na wao walikuwa wamefunga. Sahani ya kutilia majivu haikuwepo mezani. Kwa hiyo hamu ilikuja, ikakosa pa kukaa, ikaondoka. Hicho ndicho wengi wanachokikosa siku nyingine: hamu hupata nguvu pale inapoonekana kuna uwezekano. Mlango ukiufunga mapema, inabisha mara chache.

Lakini kuna jambo hukuniambia, nami nalijua. Ulivuta baada ya futari. Nikotini, kile kilevi cha tumbaku, hupungua nusu mwilini kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo jua linapozama inakuwa karibu imekwisha, na ile sigara ya kwanza baada ya tende na uji inapiga kichwa kuliko sigara yoyote ya mwaka. Moshi unafikisha nikotini kwenye ubongo kwa kama sekunde kumi. Mwezi mzima, kila jioni, uliufundisha ubongo wako kwamba subira ya kutwa hulipwa kwa sigara. Huo haukuwa mwezi wa kuacha. Ulikuwa mwezi wa kuifanya sigara kuwa tuzo. Nasema hili bila kukulaumu, maana mchana wako umethibitisha kwamba unaweza. Mwakani ukinuia, nuia na usiku. Na kwa nini mwakani? Nuia leo.

Kuhusu kahawa, sikiliza vizuri kwa sababu hata wauguzi wengi hawaambiwi. Moshi wa sigara hulifanya ini lichome kafeini kwa haraka. Ukiacha, ini linarudi kwenye mwendo wake, na vikombe vyako vilevile vinne vinakaa damuni muda mrefu zaidi. Matokeo yake ni moyo kwenda mbio, wasiwasi, usingizi kupotea. Mtu anadhani ni arosto, anarudi kuvuta, kumbe ni kahawa. Wiki ya kwanza punguza kahawa kwa nusu. Kijiwe chenyewe kihame kwa wiki tatu, au kaa upande wa wasiovuta, kunywa chai ya tangawizi, shika kashata mkononi. Waambie waziwazi kwamba umeacha na wasikukaribishe. Atakayekukaribisha baada ya hapo, achana naye kwa muda.

Ini hilohilo linahusika na dawa nyingine. Anayetumia aminofilini ya pumu, au dawa za akili kama klozapini na olanzapini, amwambie daktari kwamba anaacha sigara. Dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa.

Nimepunguza kutoka 20 kwa siku hadi tatu. Naona inatosha, si ndiyo?

Si ndiyo. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi: mwanamume anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo anayevuta 20. Moyo haukupunguzii kwa hesabu ya vipisi. Halafu watu wanaopunguza huvuta kila kijiti kwa nguvu zaidi, mpaka kichujio kinaungua. Na sigara tatu kwa siku maana yake unaianzisha arosto mara tatu kila siku, bila kuifikisha mwisho hata siku moja. Unalipa maumivu ya kuacha na hupati kuacha. Weka tarehe ndani ya wiki hii, siku hiyo zifike sifuri.

Mume wangu ameacha sigara wiki ya pili sasa. Amekuwa mkali, hata watoto wanamkwepa. Dada yangu anasema nimnunulie tu. Morogoro.

Usimnunulie, mama. Umeshavuka naye sehemu ngumu. Ukimpa leo, wiki zote mbili zinaanza upya, na safari ijayo atakumbuka kwamba ukali wake unaleta sigara. Mpikie vya kutafuna, mwache alale mapema, toka naye mtembee jioni. Akinenepa kidogo usimcheke. Wengi huongezeka kama kilo nne au tano mwaka wa kwanza, na kilo hizo si hatari kama alichokiacha.

Nina neno jingine ambalo hukuuliza. Hasira ya arosto inaeleweka, mkono hauruhusiwi. Ikifika kupiga, kwako au kwa mtoto, hiyo haina uhusiano na nikotini. Waite wazee wa pande zote mbili, na kama haitoshi nenda dawati la jinsia polisi.

Nikipata hamu navuta shisha kidogo, maana moshi wake unachujwa na maji. Na rafiki yangu ananishauri kuberi. Kipi salama zaidi?

Swali hili limeulizwa mara sita tangu mwaka uanze. Hakuna. Maji yanaupoza moshi, hayauchuji, na mkaa unaowekwa juu unakuongezea gesi yenye sumu ya kaboni monoksaidi. Kuberi na ugoro ni tumbaku ileile bila moto. Mnajua kwa nini ugoro unachanganywa na magadi? Magadi yanaifanya nikotini ipenye upesi kwenye ngozi laini ya mdomo. Umetoka mlango mmoja ukaingia mwingine wa nyumba ileile, na huko inakungoja saratani ya mdomo. Msiniulize tena.

Tangu niache nakohoa zaidi kuliko nilipokuwa navuta. Je, mapafu yalishazoea moshi?

Mapafu hayazoei moshi. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vinavyosukuma uchafu nje; moshi ulivilaza, sasa vimeamka na vinafagia. Wiki chache, yanakwisha. Lakini hapa Tanzania kikohozi kikifika wiki mbili hatukisii. Nenda kituo cha afya upime kifua kikuu, hasa kama unatoka jasho usiku, unapungua mwili au umeona damu kwenye makohozi. Wavutaji wanapata kifua kikuu kuliko wasiovuta, na wengi wanachelewa kupima kwa sababu wamezoea kusema "ni sigara tu hiyo".

Nimesikia kuna bigijii za nikotini. Ni kweli zinasaidia au ni biashara? Dar es Salaam.

Zinasaidia. Shirika la Afya Duniani liliziweka pamoja na vibandiko vya ngozi kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Mwaka 2021 likaongeza vidonge viwili, bupropioni na vareniklini. Vidonge ni vya kuandikiwa na daktari. Mwenye kifafa asiguse bupropioni.

Shida ni kwamba huzikuti kila duka la dawa, na bei inauma. Nalisema hili kila mwaka na nitaendelea kulisema: sigara ipo kila kona hadi usiku wa manane, dawa ya kuiachia unaitafuta kwa nauli. Wizara ione aibu hiyo. Uliza maduka makubwa ya dawa ya mjini.

Ukizipata, zitumie inavyotakiwa. Kama sigara yako ya kwanza unaivuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka, chukua ya miligramu 4. Kama ni baadaye, miligramu 2. Usiitafune kama bigijii ya mtoto. Itafune polepole mpaka uhisi pilipili, ibane kati ya shavu na fizi, ikipoa itafune tena, mpaka kama nusu saa. Robo saa kabla yake usinywe kahawa, soda wala juisi, hainyonyeki vizuri. Watu wengi waliosema haikuwasaidia walikuwa wanaimeza na mate.

Nina miaka 61, nimevuta tangu nikiwa kijana wa Urambo kwenye mashamba ya tumbaku. Wajukuu wananisumbua niache. Kwa umri huu itanisaidia nini?

Shikamoo mzee wangu. Daktari Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza tangu 1951 kwa miaka 50. Walioacha wakiwa na miaka 60 walipata wastani wa miaka mitatu zaidi ya kuishi, walioacha wakiwa na 50 walipata sita, wa 40 tisa, wa 30 kumi. Miaka mitatu ni mjukuu wa darasa la kwanza unamwona akifika la nne. Na baada ya mwaka mmoja tu bila sigara, hatari yako ya ziada ya ugonjwa wa moyo inakuwa imepungua kwa nusu hivi. Wajukuu hao wape kazi: hamu ikikushika, waje mtembee hadi barabarani na kurudi. Kama una presha au dawa unazotumia, pitia kwanza kwa daktari, kisha acha.

Nina duka mtaani. Kuna mteja wangu aliniambia ameacha, ila jana usiku alikuja akaomba moja tu, tena kwa kubembeleza. Nilimuuzia. Nilikosea?

Ulikosea, na nashukuru umeuliza, kwa sababu hakuna mwenye duka aliyewahi kuniuliza.

Mimi niliacha nikakaa miezi minane. Nikavuta moja msibani, ya kupewa. Ndani ya wiki nilikuwa nanunua pakiti, na ilinichukua miaka miwili kuacha tena. Moja tu ndiyo inayorudisha watu, na moja tu inawezekana kwa sababu inauzwa moja moja. Mwenye hamu ya dakika tano angelazimika kununua pakiti nzima, wengi wangehesabu pesa, wangesita, na dakika zingeisha. Kenya ilishapiga marufuku kwa sheria ya 2007 kuuza sigara nje ya pakiti yenye angalau kumi. Mtoto wa shule naye hanunui pakiti, ananunua kijiti. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kopo la vijiti liondoke kaunta, faida yake ni ndogo kuliko unavyodhani.

Na huyo mteja akirudi leo usiku, usimuulize mbele za watu. Mvutie kiti, mpe maji ya baridi, mzungumze habari za mpira. Angalia saa.