Wimbo Ulionikuta Nikingoja Tiki za Bluu

Nilikuwa naosha vyombo, redio ikicheza wimbo wa mapenzi, mwimbaji akalalamika kwamba mpenzi wake kasoma meseji na kumkaushia. Mikono ikaganda majini. Muda mfupi tu uliopita nilikuwa nimeshika simu kwa mara ya nne, natazama kama tiki zangu mbili zimegeuka bluu.

Kungoja ni mada ya zamani katika muziki. Mwaka 1961 The Marvelettes, kundi la wasichana waimbaji wa Marekani, walimbembeleza tarishi atazame tena kwenye mkoba wake, huenda barua yao imo. Lakini mngoja barua alikuwa na pa kujifariji: labda iko njiani, labda imepotea. WhatsApp ilipoleta tiki za bluu Novemba 2014, faraja hiyo iliondoka. Unajua umesomwa, na saa unaijua. Ndiyo maana nyimbo za sasa zina watu walioblokiwa, picha ya wasifu iliyotoweka ghafla, mtu aliye hewani usiku wa manane na hujui anachati na nani. Watunzi wanaokota yale tunayolala nayo na kuamka nayo.

Mimi tiki zilinigombanisha na mtu ninayempenda sana. Alisoma ujumbe wangu saa tatu usiku, akawa kimya. Nikakesha na nyimbo za aina hiyo, kila moja ikinipa sababu mpya ya kukasirika, na alfajiri nikamwandikia maneno makali. Kumbe alikuwa anamuuguza mama yake. Niliyafuta, lakini alikuwa ameshayasoma. Hadi leo yananiuma.

Kwa hiyo wimbo kama huo ukikuchoma, usikimbilie kuuruka. Usikilize hadi mwisho, ujue umekugusa wapi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya faragha, uzime tiki za bluu. Za wenzako nawe hutaziona, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Kwenye makundi zitabaki. Ficha pia saa uliyoonekana mara ya mwisho. Wiki ya kwanza ni ngumu, mkono unaifuata simu wenyewe, vumilia.

Na uwaambie watu wako: jambo la haraka, tupigiane. Sisi wawili ndivyo tulivyokubaliana. Wimbo ule bado naupenda, na ukipigwa nauimba kwa sauti, simu ikiwa chumba kingine.