Dada, futa hicho kikao cha Jumamosi

Kabla hujamjibu mtu mwingine hapa, wapigie simu hao uliowaita uwaambie kikao hakipo. Nimeona watatu juu yangu wanakupongeza eti umechukua hatua. Wasikupoteze.

Umeandika kwamba mwanao wa miaka 15 anajifungia chumbani tangu muhula uliopita, anajibu kwa neno moja, marafiki amewaacha na alama zimeporomoka. Juzi usiku ukachukua simu yake akiwa amelala, ukasoma, ukapiga picha jumbe zilizokukera. Jumamosi unataka kumkalisha mbele ya baba yake, mjomba wake na shangazi yake, umsomee moja baada ya nyingine "asipate pa kukwepea". Umeuliza pia ufanye nini kuhusu masomo, na kuhusu mdogo wake anayeanza kumwiga. Hayo yatasubiri, hili kwanza.

Mimi nilifanya hivyo hivyo unavyotaka kufanya, ila kwangu lilikuwa daftari.

Binti yangu naye alikuwa na miaka 15. Daftari lilikuwa na jalada la bluu, kona moja imetafunika, na alilificha chini ya godoro upande wa ukutani. Sitasema nililikuta kwa bahati. Nililitafuta. Nikakaa pale pale kitandani kwake nikaanza kusoma. Mwanzoni ni michoro tu, macho na mikono, na majina ya wenzake. Katikati nikakuta kaandika kwamba ametoroka vipindi mara nne, na chini yake mstari mmoja unaonihusu: baba akiingia nyumbani hewa inakuwa nzito. Nikaishia hapo. Nililifunga daftari mikono inatetemeka kwa hasira, na tangu dakika ile sikutaka tena kujua mtoto ana nini. Nilitaka kumbana.

Nikamwita kaka yangu na dada yangu. Mama yake alinisihi tusubiri kidogo, sikumsikiliza. Binti akaja akakaa kwenye kiti nilichomwekea katikati, nami nikasoma ule ukurasa kwa sauti, wote wakisikia, na ule mstari wangu nikaurudia mara mbili. Alikuwa amevaa sweta iliyofumuka mkononi. Akaushika ule uzi akawa anauzungusha kwenye kidole, anauvuta, anauzungusha tena, mpaka ncha ya kidole ikapauka. Hakulia wala hakubisha. Dada yangu alimwambia maneno makali, akayapokea. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Baba, umesoma mpaka wapi?"

Nikamjibu, "Nimesoma panaponitosha."

Akasema, "Sawa."

Nikampa adhabu, akaipokea. Kaka yangu akanipiga begani akaniambia nimefanya kazi yangu kama baba.

Dada, baada ya pale binti yangu hakuwahi kunijibu vibaya tena. Shikamoo baba. Ndiyo baba. Nimeshamaliza baba. Vipindi hakutoroka hata kimoja. Miezi minane nilijiona nimemnyoosha mtoto, na nikawa nawasimulia wenzangu kazini jinsi nilivyofanya. Alikuwa anakula nusu ya alichokuwa akila. Alikuwa anaamka saa tisa usiku, mama yake akasikia hatua, mimi nikasema anasoma. Alimpa mdogo wake saa aliyokuwa akiipenda kuliko kitu chochote, nikamsifu kwa ukarimu.

Aliyetuokoa ni rafiki yake mmoja. Binti yule aliogopa ujumbe aliotumiwa, akamwamsha mama yake, mama yake akampigia mke wangu usiku ule ule. Tukampeleka hospitali kabla hakujakucha, na nashukuru Mungu tulimpeleka akiwa mzima. Daktari akasema ni sonona, ule ugonjwa wa akili unaoitwa depression, na akasema si ya wiki ile. Ilikuwa imeanza zamani.

Wiki kadhaa baadaye, kwa ruhusa yake mwenyewe, daktari alinipa lile daftari nisome mbele yake. Nikafungua ukurasa wangu ule, naujua kwa moyo. Kurasa nne mbele, wiki ile ile, kwa kalamu ile ile, alikuwa ameandika kwamba amechoka, kwamba akilala anatamani asiamke, na chini kabisa: "Labda nimwambie baba siku akiwa peke yake."

Kurasa nne.

Baadaye sana nilimwuliza kwa nini siku ile aliuliza nimesoma mpaka wapi. Akaniambia, "Uliposema panakutosha, nilijua umefika pale, na umeona si kitu." Ameishi miezi minane akiamini baba yake anajua kwamba anatamani kufa na ameamua kumpa adhabu ya kutoroka vipindi.

Basi nikiona mtu anaandika "nimepiga picha, nina ushahidi", mwili mzima unanisisimka.

Na niseme nani alinifundisha. Alikuja mtu kuzungumza na wazazi shuleni kwa binti yangu, anajiita mtaalamu wa malezi, ana kipaza sauti na sauti nzuri. Akatuambia mtoto hana siri kwa mzazi. Akatuambia kijana ni mwongo mwenye kipaji, kwa hiyo usimwendee mikono mitupu, mwendee na ushahidi, tena mbele ya mashahidi, aone aibu. Ukumbi mzima tulipiga makofi. Mimi niliandika kila neno. Hakuna hata mzazi mmoja aliyemwuliza amesomea wapi na amewahi kumtibu nani. Baada ya kikao chetu nilimpigia kumwambia mtoto amekuwa kimya mno, sasa hacheki hata na mama yake. Akanijibu: "Amenyooka huyo, usilegeze." Mtoto anazama, mtu anakuambia amenyooka! Sijamsamehe na sioni haraka ya kumsamehe. Bado anaalikwa kuongea. Ndiyo maana nikisikia maneno yake yanatoka kwenye vidole vya hao wanaokupongeza hapa, nayatambua neno kwa neno.

Daktari alinieleza mambo ambayo yule bwana hakuyagusa kabisa. Kwamba sonona kwa kijana mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na hasira, ukali, kukereka na kila kitu, na sisi tunaiita kiburi. Kwamba ukiona hali hiyo inakaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na inagusa usingizi, chakula, masomo na marafiki, unampeleka akapimwe, huiti kikao. Kwamba wengine inawatokea mwilini, kichwa na tumbo vinauma bila sababu inayoonekana. Kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kujizuia na kupima matokeo, inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, wakati hisia zake zimeshawaka zote. Na aibu mbele ya watu kwa umri huo inachoma mno. Nilimwuliza kama ni sisi tu. Akanionyesha takwimu ya Shirika la Afya Duniani: katika vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Nikafikiria darasa la binti yangu, dawati kwa dawati.

Kanuni niliyotoka nayo ni moja, nami nitairudia mpaka unichoke: siku mtoto anapokuambia ukweli, ukweli huo usimgharimu kitu siku hiyo. Usimwadhibu, usimhubirie, usimpigie mjomba. Hata uso wako uuchunge, maana anausoma kabla hujafungua mdomo. Unasema "nimekusikia, asante kwa kuniambia", unakaa hapo hapo. Yenye kuzungumzwa yatazungumzwa kesho au keshokutwa, mkiwa wawili, na mipaka itawekwa. Sisemi umwache afanye atakavyo. Ninasema usiweke ada mlangoni pa kusema kweli, kwa sababu akishalipa mara moja harudi.

Mwaka mmoja na kitu baada ya matibabu kuanza, simu yangu iliita saa tano usiku. "Baba, siko nilikokuambia niko. Watu huku wamelewa, naogopa. Njoo unichukue." Nilivaa viatu bila soksi. Alipoingia kwenye gari nilimwambia, "Funga mkanda," basi. Njia nzima nilikuwa na hotuba imejaa mdomoni na nikaimeza. Tuliongea kesho yake jioni, akapoteza ruhusa ya kutoka kwa wiki mbili, na hakunung'unika. Angekuwa yule wa daftari asingepiga ile simu. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Sasa kwako. Umeshasoma simu, hilo limepita, lakini usijifanye hukusoma. Nenda kwake ukiwa peke yako, na usikae uso kwa uso kama polisi. Mimi na binti yangu tulirudiana kwenye beseni la vyombo, mimi naosha yeye anasuuza, macho yote kwenye maji. Kutembea pia kunafaa, au gari. Mwambie: "Nilichukua simu yako nikasoma. Nilikuwa na hofu, lakini sikukuomba, na nimekosea. Nisamehe." Ukimaliza hapo nyamaza. Usiweke "lakini na wewe". Mimi mara ya kwanza niliiweka, nikaona uso wake unafunga kama mlango, ikabidi nianze upya baada ya wiki tatu.

Huenda asikujibu siku hiyo. Labda atakasirika, labda atakupandishia sauti. Kaa. Binti yangu sentensi yake ya kwanza ya maana aliitoa siku ya kumi na tisa, na ilihusu sufuria. Alisema, "Hiyo umeshaisugua, baba." Akacheka kidogo. Nilitaka kulia, nikaendelea kusugua.

Wapo watakaokuambia kuna hatari ambazo lazima mzazi aingilie bila kuomba ruhusa. Ni kweli. Kama unaona dalili kwamba anaweza kujidhuru, au kuna mtu mzima anamrubuni au anamtisha kwa picha, uhai unatangulia faragha, unaingilia usiku huo huo. Lakini hata hapo unaingilia kumlinda, na unamwambia unachofanya. Kikao cha kumwaibisha hakimlindi mtu na chochote.

Na hapa ndipo nimekawia makusudi, maana nilitaka kwanza uelewe ninatoka wapi. Kati ya zile jumbe umebandika moja hapa kama mfano wa uvivu wake. Amemwandikia mwenzake: "Shule sitaki, mpira sitaki, sitaki chochote." Wote waliokujibu hapa wameishika ile ya shule. Dada, isome tena yote. Umesema wewe mwenyewe kwamba mpira ulikuwa maisha yake. Mvivu huacha kazi ngumu akabaki na anachokipenda. Huyu ameacha na anachokipenda.

Kwa hiyo usisubiri Jumamosi, wala usisubiri siku kumi na tisa. Leo, ukishamwomba msamaha, mwulize waziwazi: "Uliposema hutaki chochote, je, kuna wakati unatamani usiwepo? Umewahi kufikiria kujiua?" Najua neno lenyewe linatisha kulitamka. Nilimwambia daktari naogopa kumtia wazo. Akaniambia kuuliza hakupandi wazo. Kwa walio wengi kunapunguza mzigo, kwa sababu hatimaye mtu amelitaja. Akisema hapana, mwamini na umwambie mlango uko wazi, kisha mtafutie miadi ya daktari au mshauri aliyesomea wiki hii hii, kwa sababu dalili ulizotaja peke yake zinatosha. Akisema ndiyo, usipige kelele, usilie mbele yake ukamgeuza yeye awe wa kukubembeleza. Mshukuru, usimwache peke yake, dawa zote za nyumbani na kitu chochote anachoweza kujiumiza nacho vitoke au vifungiwe, na mwende hospitali usiku huo. Hospitalini omba daktari aongee naye faraghani bila wewe. Nilikaa kwenye benchi la nje dakika 50 siku ile, nikitazama mlango, na alipotoka alikuwa ameshusha mabega kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Baba yake mwambie leo, wawili mjue, wengine wote wasubiri. Mjomba akiuliza kwa nini kikao kimefutwa, mwambie mtoto ni mgonjwa na anatibiwa, inatosha.

Ukishaongea naye, rudi uandike hapa hata neno moja tu. Sitalala mapema leo.