Mle barabarani, lakini mkae

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: wawili wakipata siku moja Mombasa, watembee wapi na wale nini barabarani? Nimelisoma mara tatu, na kila mara nimekwama penye lile neno la mwisho. Pa kutembea panajulikana: Ngome ya Yesu (Fort Jesus), Mji wa Kale, soko la Marikiti, Pembe, yaani zile sanamu za pembe za ndovu za barabara ya Moi, kisha Lighthouse, kando ya bahari, jua likianza kushuka. Mimi nimezaliwa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, na swali nililokua nalo ni jingine. Mwanamke aliyeolewa, yuko ndani ya buibui lake, mumewe yuko ubavuni, anaweza kula barabarani?

Asiye wa Mji wa Kale ataliona dogo. Mamangu alikuwa akikaanga viazi vya karai mlangoni petu kila jioni baada ya Alasiri. Unga wa ngano, manjano, chumvi, na chatini ya ukwaju iliyokuwa ikimalizika kabla ya viazi vyenyewe. Waliokula pale wamesimama walikuwa mabarobaro waliotoka kucheza mpira na wazee waliokuwa njiani kwenda msikitini. Wanawake walituma watoto na sahani. Simkumbuki hata mmoja aliyesimama mbele ya karai la mamangu akatia kiazi mdomoni. Nasi mabinti zake tuliambiwa neno moja, bila sababu: mtoto wa kike hali njiani.

Kwa miaka mingi nimeliona neno hilo kuwa ni dhuluma. Mwanamke ndiye wa kusimama na moshi, mwanamume ndiye wa kusimama na kula. Nilipoketi kuwaandikia, nilitaka kusema hivyo tu.

Lakini lazima niwaeleze ya mwaka 2004.

Tulikuwa na wiki tatu za ndoa. Mume wangu ni mtu wa Mumias, Mwislamu kama mimi, aliyekuja pwani kufanya kazi bandarini. Miaka minne alikuwa amekaa Mombasa bila kuingia Ngomeni. Nilimpeleka mimi. Alisimama muda mrefu mbele ya zile merikebu ambazo Wareno walizichora ukutani, kwa kuwa merikebu ndiyo kazi yake. Kilichomshika zaidi ni habari ya kuzingirwa kwake. Jengo lilianzwa mwaka 1593, na kuanzia 1696 Waomani waliizingira Ngome karibu miaka mitatu, hadi mwisho wa 1698. Waliokuwa ndani waliuawa zaidi na njaa na maradhi kuliko risasi. Na tangu 1895 hadi 1958 palepale palikuwa jela. Tulitoka naye akiwa kimya. Tulipita Ndia Kuu, nikamwonyesha milango ya nakshi na msikiti wa Mandhry, ambao ni wa mwaka 1570, mkongwe kuliko hata Ngome. Akaitikia tu. Tulipofika barabara kubwa akasema, "Mama, mimi nina njaa." Hatukuwa na mtoto bado, lakini kwao mke huitwa hivyo kwa heshima, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita.

Tukaenda Lighthouse. Wakati huo hapakuwa na viti hivi vilivyokuja na ukarabati wa 2019. Palikuwa na mibuyu, ukuta, na bahari. Bwana wa mihogo alikuwa na karai moja na foleni ya watu kumi. Mume wangu akapanga foleni. Namwona hadi leo: shati jeupe, mikono nyuma, anageuka kila mara kuhakikisha nipo. Akarudi na vipande viwili ndani ya gazeti, vimepasuliwa katikati, vimetiwa pilipili na ndimu, vinatoa moshi. Akanipa changu.

Nikakishika. Sikula.

Akauliza, "Huli?" Nikasema nitakula nyumbani. Akala chake, amesimama, anaangalia meli iliyokuwa ikiingia kuelekea bandari ya Kilindini, akanieleza ni ya makontena na kwamba huenda yeye ndiye atakayeipakua usiku ule. Nikaitikia. Gazeti lilikuwa limeanza kulowa mafuta, nami nilikuwa nimelishika mbali na buibui. Akaniuliza tena kama nimekasirika. Nikasema la. Hakuniamini, na sikumlaumu, maana nilikuwa nimemkatalia chakula cha kwanza alichoninunulia nje ya nyumba, na sikuwa na maneno ya kumweleza kwa nini. Ningemwambia nini? Kwamba watu watasema? Watu gani? Palikuwa na familia za Kihindi zimeketi juu ya magari yao, wanafunzi, watu wa Likoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akinitazama.

Aliyekuwa akinitazama alikuwa bibi mmoja mtu mzima, wa kwetu kwa lafudhi, ameketi chini na wajukuu watatu. Akaniita. "Mwanangu, huo muhogo ukipoa hautafuniki." Nikamwamkia shikamoo, nikasema sina njaa. Akanitazama, akamtazama mume wangu, akaelewa kila kitu. Akavua leso yake ya juu, akaikunjua pale chini karibu na ukuta, akaipigapiga kwa kiganja. "Kaa. Kubaya ni kusimama. Kula hakuna ubaya. Mwite na mumeo akae."

Tukakaa. Nikataja jina la Mungu, nikala. Pilipili ilinitoa machozi, na mume wangu, masikini, akadhani nalia. Akaenda kununua dafu mbio.

Nikisema niache hapo, mtadhani yule bibi alinifungulia mlango ambao mamangu alikuwa ameufunga. Lakini kadiri ninavyoandika, ndivyo ninavyoona walikuwa wakisema neno moja. Madrasani tulifundishwa sote, wa kike na wa kiume: anayekula akae, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Kosa la mamangu, kama naweza kulitaja hivyo na yeye ametangulia mbele ya haki, ni kuwaachia wale vijana kula wamesimama. Angewawekea mkeka. Dhuluma ilikuwa katika kulifanya adabu ya mabinti peke yao.

Na mimi mwenyewe? Mwezi uliopita nilimwona binti yangu akitembea barabara ya Moi na mshikaki mkononi, anakula, anacheka na wenziwe, na moyo wangu uliruka. Sikumwambia kitu. Bado sijui kama nilinyamaza kwa hekima au kwa kukosa la kusema.

Basi jibu langu. Asubuhi kuleni mahamri na mbaazi, lakini kwa watu, mmeketi, si njiani. Ingieni Ngomeni mapema kabla ya joto. Marikiti mnunue viungo, Biashara Street mnunue leso; Pembe mtaziona mkipita. Mchana pumzikeni, jua letu si la kubishana nalo. Jioni kuleni barabarani, nyote wawili, bila kuona haya. Nimeanza barua hii nikiwa upande wa wanaokula wamesimama, na sipo huko tena, ingawa sitamshika mkono mtu anayesimama, na ikiwa mvua imenyesha na chini ni tope, nitasimama na mimi. Wa Ramadhani wasubiri Maghribi.

Ile leso mliyonunua asubuhi msiiache hotelini. Na mkifika kwenye karai, msichukue muhogo uliopangwa juu ya sinia. Ngojeni unaotoka mafutani.

Msomaji, Kibokoni, Mombasa